Naomba ushauri: neno la Kiingereza "sanction" lina maana gani hasa?

Mpita Njia (mwanzisha uzi): Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Rafiki yangu amekutana na neno "sanction" katika barua, akalifasiri kuwa ni kuweka vikwazo, kama tunavyosikia kila siku katika taarifa za habari. Sasa yupo mtu anayedai kwamba maana yake ni kinyume kabisa. Naomba jibu leo, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Mama Kilindini: Rafiki amekosea, nawe ndiwe usiyelala? Tuletee sentensi nzima.

Mwalimu Mstaafu: Maana zote mbili zipo. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "sancire", yaani kukitia kitu utakatifu kwa kukiwekea amri, na ukoo huohuo ndio uliozaa "saint", jina wanalomwitia mtakatifu. Amri ya namna hiyo hubeba ridhaa ya aliyeitoa pamoja na adhabu ya atakayeivunja, na Kiingereza kikarithi pande zote mbili. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, uliiwekea "sanctions", ingawa mafuta ya petroli hayakuguswa, nayo vita ikaendelea. Niliwahi kulifundisha somo hilo kwa wiki nzima, na wanafunzi wakaniuliza swali moja tu: kwa nini mafuta yaliachwa?

Kijana wa Forodhani: Mbona nasi tunalo "azima"? Jirani aliniambia ameazima baiskeli, nikampongeza kwa kupata usafiri, kumbe yeye ndiye aliyeitoa, na baiskeli yenyewe ilikuwa yangu.

Mpita Njia: Sentensi ni hii: "The board has sanctioned the purchase of the milling machine." Basi, nikiri kwamba mfasiri ni mimi. Niliandika kwamba bodi imeuwekea vikwazo ununuzi wa mashine ya kusaga, na tafsiri hiyo imekwisha kusomwa mbele ya wanachama wa kikundi chetu. Hata hivyo kamusi yangu inataja vikwazo mwanzo kabisa, kwa hiyo nimeanza kuandika barua ya kumshauri mwandishi atumie maneno yasiyo na utata.

Mwalimu Mstaafu: Hapo hapana utata, ndugu yangu. Neno hili likiwa kitenzi, na kinachofuata ni ununuzi, malipo au safari, maana yake ni kuidhinisha. Likiwa nomino katika wingi, likafuatwa na "on" au "against", ndipo huwa vikwazo. Ni kweli kwamba kitenzi nacho hutumika kwa maana ya kuadhibu, matumizi yaliyoenea katika karne ya 20, lakini anayeadhibiwa huwa mtu, kampuni au nchi. Nani aiadhibu mashine ya kusaga?

Mchungulia Dirisha: Mimi kisa hiki nakitilia shaka. Kikundi kinachosomewa barua kwa Kiswahili kitaandikiwaje na bodi yake kwa Kiingereza? Nadhani mwanzisha uzi ana zoezi la darasani, na mashine ameibuni ili tumfanyie.

Kijana wa Forodhani: Kama ni zoezi, Mwalimu ampe alama saba, tatu azikatie rafiki wa uongo.

Mpita Njia: Bodi si yetu, ni ya mfadhili aliyeko nje ya nchi. Na laiti ningekuwa nimekibuni! Baada ya kusomewa, wanachama walikwenda jana kwa muuzaji wakadai arubuni yao, naye akawarudishia, akasema kwamba mashine ina mteja mwingine.

Mama Kilindini: Jambo la jana unalisema sasa, baada ya kutupitisha Ethiopia? Mpigie muuzaji kabla mteja huyo hajalipa, kisha uwaendee wanachama uwaambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba fedha zimeidhinishwa. Barua kwa mfadhili iache.

Mpita Njia: Nampigia sasa hivi, mama. Barua nitaifupisha tu, na ule ukurasa wa kamusi nitauambatisha.