Naomba ushauri: nimepimwa, nimepumzika, lakini msongo wa mawazo hauondoki

Mkazi wa Gongo la Mboto (mleta uzi):
Wanajamvi, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili na mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zetu zikiwa maeneo ya Posta. Kwa muda sasa ninashtuka usingizini saa tisa usiku na sirudi kulala, kisogo kinauma, na mtoto akidondosha kikombe tu ninamfokea kana kwamba ameiba. Nimepima presha, sukari na malaria, majibu yote ni mazuri. Daktari aliniambia ni msongo wa mawazo, nipumzike. Nilichukua likizo nikaenda kwa wazazi Morogoro, nikalala vizuri kabisa, lakini niliporudi Dar hali ikawa ile ile. Ninafikiria kuacha kazi, kwa kuwa meli ikiingia tunabakizwa ofisini hadi usiku bila malipo ya ziada. Mume wangu anasema nisikurupuke. Mtu anajuaje kinachomsumbua hasa ni nini?

Muuguzi Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Kupima ulifanya vyema. Ukipata nafasi, angalia pia wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu kasoro zake huleta uchovu na hasira zinazofanana sana na hizo zako. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye alieleza kwamba panya waliotendewa madhila ya aina mbalimbali, wengine baridi, wengine sumu, miili yao iliitika kwa namna moja. Ndiyo maana kisogo hakiwezi kukwambia kama aliyekuudhi ni bosi, foleni au shemeji. Homoni za msongo, yaani adrenalini na kortisoli, ni zile zile. Kinachoweza kukuonyesha chanzo ni wakati hali hiyo inapokujia. Chukua daftari, na kila hali inapokujia andika siku, saa, ulichokuwa ukikifanya, uliyezungumza naye na ulichokuwa ukikiwaza. Usiandike sababu, kwa kuwa sababu unayo tayari kichwani na itakupotosha. Chai na kahawa za jioni ziandike pia.

Kijana wa Tabata:
Dada, kimbia asubuhi na usali. Mambo mengine ni kujitakia mawazo.

Afisa Utumishi:
Mazoezi ni mazuri, mkuu, lakini tusimwambie mtu kwamba anajitakia. Kuhusu kazi, dada yangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na masharti hayo, kwa hiyo soma mkataba wako kwanza. Hata hivyo, usiache kazi kabla ya kujua kama ni kazi ndiyo inayokuamsha.

Mama wa Kikoba, Temeke:
Mimi nina swali moja, mdogo wangu. Hiyo saa tisa ukishaamka, jambo la kwanza kukujia kichwani ni lipi? Wanawake wengi wa hapa mjini tunasema ni kazi, kumbe ni kodi ya miezi sita, ada, au lile kundi la michango ya harusi.

Mkazi wa Gongo la Mboto:
Asanteni sana. Nimeandika kama alivyoelekeza mama muuguzi, na nimeshangaa. Siku za meli ninafika nyumbani nimechoka hoi, lakini ninalala hadi adhana. Usiku ninaoamka ni ule wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Nimemdhamini mdogo wangu mkopo wa bodaboda, na Alhamisi ndiyo siku ya marejesho. Asipopeleka, wakopeshaji wanapiga simu kwangu, na mara nyingi wananikuta kwenye daladala, watu wote wakisikiliza. Nikiwa Morogoro alikuwa ameshalipa mapema, sikupigiwa hata mara moja.

Mwalimu wa Unasihi:
Hapo sasa tunazungumza. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984, walitofautisha njia mbili za kukabiliana na msongo: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuzishughulikia hisia zinazoletwa na tatizo. Foleni ya Barabara ya Nyerere huwezi kuiondoa, kwa hiyo hapo pumua, sikiliza redio, sali kama alivyoshauri kijana wetu. Marejesho ya Alhamisi yana mtu, yana tarehe na yana kiasi, na kuyapumulia hakutayapunguza.

Mama wa Kikoba, Temeke:
Mkae watatu: wewe, mumeo na mdogo wako. Aanze kuweka fedha kila jioni anapopaki pikipiki, kwa simu, mahali ambapo wewe unaona salio, maana kijana wa bodaboda akiambiwa akusanye wiki nzima, Jumamosi itaimeza. Kisha nendeni pamoja kwa wakopeshaji kabla hajachelewa tena, muombe ratiba nafuu, na muombe kwa maandishi kwamba wampigie yeye kwanza.

Muuguzi Mstaafu:
Nami niongeze kwamba usingizi usiporejea hata baada ya hayo, au ukaanza kuona maisha hayana maana, usikae nalo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na wanaokwenda pale ni watu wa kawaida kama sisi.

Afisa Utumishi:
Ile hoja ya saa za ziada usiitupe kwa sababu umelala vizuri. Meli ijayo andika saa uliyotoka ofisini kila siku, uambatanishe orodha hiyo na barua kwa mwajiri, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.