Hivi Wamaya walipotea kweli au bado wapo?

Wakuu habari zenu. Jana mwanangu wa darasa la sita kaniuliza Wamaya walienda wapi, nikamjibu walipotea, af usiku nikakosa raha maana hilo jibu na mimi nililiokota tu shuleni. Miji yao ya mawe kama Tikal kule Guatemala iliachwa sawa, ila watu wenyewe je? Na ile kalenda yao si iliisha 2012?

Mzee wa Ramani
Mkuu wapo mamilioni, Guatemala, kusini mwa Mexico, Belize na Honduras, na lugha zao ni kama 30 hivi. Tikal ilihamwa kwenye miaka ya 900 ila watu walisogea wakaanza upya kwingine, mji mkuu wa dola yao ya mwisho, Nojpetén, Wahispania waliuangusha 1697. Kilichopotea ni vitabu, 1562 pale Maní padri Mhispania Diego de Landa alivichoma moto vingi na vinavyojulikana kubaki ni 4 tu dunia nzima, hii inaniuma sana.

Mama Zai
Niko Oakland California, huku Wamam (ni Wamaya wa Guatemala) wapo wengi. Nilifanya kazi jikoni na dada mmoja, miezi mitatu namsemesha Kihispania changu cha kuungaunga kumbe kwao wanaongea Kimam, Kihispania kajifunzia ukubwani kama bibi yangu na Kiswahili. Siku moja kanionyesha anavyofuma, upande mmoja wa nyuzi kaufunga kwenye nguzo, wa pili kwenye mkanda unaomzunguka kiunoni, akitaka zikaze anaegemea nyuma, zilegee anasogea mbele, yaani mwili wake ndo mtambo wenyewe. Blauzi moja inakula miezi.

Mzee wa Ramani
Kalenda haikuisha, 2012 mzunguko mmoja mrefu ulifunga ukaanza mwingine. Ile ya siku 260, namba 13 kwa majina 20 ya siku, wanaihesabu hadi sasa, Momostenango, mji wa Guatemala, wapo wataalamu wake wanaitwa ajq'ij, ikifika siku ya 8 B'atz' wanawasha moto na kufukiza ubani. Na hapo kumbuka vita ya ndani ya Guatemala ya 1960 hadi 1996 iliua watu kama laki mbili, wengi Wamaya, vijiji vizima vikachomwa, bado hesabu ya siku haikukatika.

Muuliza swali
Dah asanteni sana. Akirudi shule namsomea yote, na hiyo ya kufuma tutaijaribu na kamba kwenye nguzo ya baraza.