Hivi huyu mzee ana roho ya aina gani? Kaondoka na watoto wetu, leo kaja nao Rupp, katupiga 89-79

BluuMpakaMwisho (mwanzisha uzi), Lexington, usiku wa kuamkia 2 Februari 2025

Wakuu, ni usiku wa manane hapa Lexington na hasira nilizonazo naweza kugawia mtaa mzima na zikabaki.

Ni kocha wetu wa zamani wa mpira wa kikapu hapa Chuo Kikuu cha Kentucky, simtaji jina. Hana haja ya kutajwa. Mji huu kuanzia wauza mafuta mpaka wachungaji wanamjua. Alikaa Kentucky miaka 15, akalipwa pesa za kununua wilaya, akatupa ubingwa mmoja wa 2012, halafu Aprili mwaka jana akakimbilia chuo cha Arkansas. Kuondoka siyo dhambi, makocha wanaondoka kila mwaka. Dhambi ni alivyoondoka. Mtu anahama nyumba ya kupanga anang'oa mpaka vitasa vya milango, halafu mwaka haujaisha anarudi kwako kama mgeni, anakaa sebuleni, anakuuliza mbona milango yako haifungi.

89-79. Rupp Arena. Kwetu!

Na siyo kwamba walikuja na timu ya kutisha. Kwenye SEC, ligi yetu ya vyuo, walikuwa na ushindi mmoja na vipigo sita. MMOJA. Sisi Jumanne tu tulikuwa Knoxville tumemfunga Tennessee nyumbani kwake. Halafu Jumamosi tunapigwa na mtu mwenye ushindi mmoja, na aliyetuua kwa pointi nyingi kuliko wote ni Adou Thiero, 21. Thiero! Kijana aliyevaa bluu yetu misimu miwili. D.J. Wagner naye 17, na mwaka jana alikuwa wetu. Zvonimir Ivisic alikuwa wetu. Karter Knox na Billy Richmond walishaahidi kuja kwetu, wakageuza gari njiani wakamfuata yeye. Boogie Fland naye hivyo hivyo, na huyo ni majeruhi hata hakucheza. Angekuwepo sijui wangetuzika wapi.

Nimewasikia watu leo wanasema eti "Pope kashindwa". Nyie mnakumbuka Pope, kocha wetu mpya, alikuta nini? Alitangazwa tarehe 12 Aprili 2024. Mchezaji mwenye ufadhili wa masomo aliyebaki kumsubiri: SIFURI. Reed Sheppard na Rob Dillingham walienda NBA, wa tatu na wa nane kwenye drafti, ile zamu ya timu za NBA kuchagua vijana. Aaron Bradshaw akaenda Ohio State, Onyenso Kansas State. Waliobaki wa maana wakafuata njia ya Fayetteville, kwa Arkansas. Kocha mpya anaingia ofisini anakuta viti na picha za ukutani.

Ndani ya wiki chache ikabidi atafute timu nzima kwenye dirisha la uhamisho. Lamont Butler kutoka San Diego State, yule aliyewapeleka fainali 2023 kwa mtupo wa sekunde ya mwisho. Koby Brea kutoka Dayton, mtu wa pointi tatu. Amari Williams kutoka Drexel, Mwingereza wa Nottingham. Otega Oweh kutoka Oklahoma. Andrew Carr kutoka Wake Forest. Watu wazima, wengi wa mwaka wa nne na wa tano, maana hakuna kijana wa sekondari wa daraja la juu anayekusubiri mwezi wa nne. Na watu hao hao, ambao nusu yao walikuwa hawajawahi kukanyaga Lexington, wakamfunga Duke 77-72 mwezi wa kumi na moja. Leo Butler bega bovu hakucheza, Kriisa mguu. Mnataka Pope afanye nini, aingie mwenyewe? Alikuwa nahodha wa ubingwa wa 1996, lakini ile ni miaka karibu thelathini.

Na yule mzee alipokuwa hapa alikuwa anatuambia nini? Vijana wa mwaka mmoja, wanapita tu kwenda NBA, vijana wa mwaka mmoja. Kila msimu sura mpya, na Machi kwenye mashindano ya taifa tunatolewa na Saint Peter's, tunatolewa na Oakland 80-76, jamaa mmoja anaitwa Gohlke anatutupia pointi tatu kumi. KUMI. Tukavumilia. Halafu alipofika Arkansas ndiyo akagundua faida ya kuwa na mtu aliyekaa na wewe misimu miwili. Amejifunzia kwetu, anafaulu kwa wengine.

Alizomewa alipotokea, nasi tulizomea mpaka nadhani ng'ombe wa Tennessee walishtuka. Haikusaidia. Ubao ulisoma 89-79 naye akatembea kwenye sakafu aliyoitembea miaka 15, anaondoka mshindi, kafuatana na Thiero. Hiyo picha haitoki kichwani. Kafuatana na THIERO.

Nawasilisha. Asiyeumia na hili si mwana Kentucky.

---

Binti_Ujiji: Pole sana kaka. Mume wangu kazima televisheni dakika ya mwisho, kaenda kuosha gari saa tano usiku na nje ni baridi ya kufa. Sijamuuliza kitu.

Kardinali502: Niko Louisville hapa nimekaa na chai yangu nasoma huu uzi kwa raha. Mkuu endelea, usiache kitu. Tuambie tena ilikuwa ngapi?

BluuMpakaMwisho: 89-79. Cheka tu. Desemba tuliwapa 93-85.

Kardinali502: Sawa, lakini mimi na Louisville yangu tumetoka kwenye ushindi 4 na vipigo 28, msimu uliofuata 8 na 24. Wewe umefungwa mechi moja unataka tukufungulie matanga. Pat Kelsey, kocha wetu, naye alikuta sifuri kama Pope wenu. Akaleta wawili aliowafundisha Charleston, Reyne Smith na James Scott, akamchukua Chucky Hepburn kutoka Wisconsin, kazi ikaanza. Hatukuandika gazeti.

MtuWaBeale: Mimi niko Memphis na nimesubiri miaka 16 kuona mtu wa Kentucky analia hivi. Huyo huyo Calipari mnayemlilia alitoka wapi 2009? Kwetu. DeMarcus Cousins alishaahidi kuja Memphis. Alicheza wapi? Mliuliza ni mtoto wa nani? 2010 mkatoa watano raundi ya kwanza ya drafti kwa mpigo, Wall, Cousins, Patterson, Bledsoe, Orton, mkatembea mji mzima mmevaa bluu. Leo limekurudia ndiyo unajua kuna watoto wa watu?

BluuMpakaMwisho: Hiyo ni tofauti kabisa. Cousins hakuwahi kuvaa jezi ya Memphis. Thiero alivaa yetu MISIMU MIWILI. Tumemlea.

MtuWaBeale: Sasa hapo umejimaliza mwenyewe. Baba yake Thiero, yule wa Mali, alichezea wapi? Memphis. Chini ya nani? Chini ya mzee huyo huyo. Huyo kijana ni wa familia ya kocha tangu hajazaliwa, nyie mlikuwa kituo cha basi.

Binti_Ujiji: 😂😂 Kituo cha basi jamani

Hesabu_Mbovu: Swali dogo kwa mleta uzi. Jaxson Robinson na Collin Chandler wa Pope walitokea chuo gani? BYU, cha Utah. Pope alikuwa anafundisha wapi? BYU. Chandler alishasaini BYU, akaenda kwenye umisionari, kocha akahama, akamfuata. Kule Utah kuna mtu naye kaandika uzi kama huu, sema wa kwake hauna matusi.

BluuMpakaMwisho: Wawili tu! Na Pope hakuiacha BYU na sifuri. Halafu Pope hajarudi Provo, mji wa BYU, kuwafunga mbele ya wake zao na watoto wao 89-79.

Hesabu_Mbovu: Ratiba ikimpeleka je? Atakataa kucheza?

Mwana_Goma: Ndugu, bale batoto balifuata kocha juu balimupenda. Mutoto wa miaka kumi na munane anachagua mutu, hachagui bilding. Mimi na watoto bangu tuko apa Louisville, kocha wao wa shule alihama, nao banataka kuhama. Nitabafunga kamba?

Wakili_wa_Kikapu: Ndugu wa Goma umesema kweli tupu. Watu wanajadili hili kama bado tuko 2010. Tangu 2021 mchezaji anahama bila kukaa nje msimu, na tangu Julai mwaka huo huo analipwa kwa jina na sura yake. Kocha akihama leo, timu inakuwa soko la wazi usiku huo huo. Hakuna cha "alituachia". Kila kocha mpya anaanza na simu mbili, moja kwa wachezaji waliobaki na moja kwa wenye pesa. Pope alipiga zote na timu ipo na ushindi 15 na vipigo 6. Hiyo siyo mbaya hata kidogo.

BluuMpakaMwisho: Sijasema mbaya! Nimesema 89-79 pale Rupp na Thiero 21. Mbona hamjibu hoja?

Nyumbu_Mtata: Hoja ipi sasa mkuu? Umerudia matokeo mara mia. Kunywa maji ulale.

Shangazi_wa_Georgetown: Mimi nasema hivi, Rick Pitino, kocha wenu wa zamani, aliwaacha 1997 akaenda Boston, baadaye akaenda kufundisha LOUISVILLE, jirani yenu adui, na akabeba ubingwa kule. Oktoba mwaka jana kaja Big Blue Madness, sherehe yenu ya kufungua msimu, hapo hapo Rupp, mkasimama mkampigia makofi kama bwana harusi. Kwa hiyo na huyu mzee msubirini. Miaka ishirini mtamsamehe.

BluuMpakaMwisho: Pitino alituletea ubingwa wa 1996 na Pope alikuwa nahodha wake. Msilinganishe. Huyu MIMI simsamehi.

Kawempe_Hoops: Mimi niko Kampala, samahani kwa kuingilia msiba. Nyie mnalia usajili, na Khaman Maluach aliyekulia hapa hapa Kawempe yuko Duke, leo wamemfunga North Carolina 87-70, wala hakuna mtu kamtaja. Tena wenzetu wa visa ya masomo hata hizo pesa za jina na sura wanazipata kwa tabu, sheria za kazi zinawabana, wakati mwenzao Mmarekani wa chumba kimoja anaendesha gari jipya. Fungueni uzi wa hilo basi!

Binti_Ujiji: Hili la visa hata mimi limeniuma. Mtoto anatoa jasho lile lile.

BluuMpakaMwisho: Kawempe, Maluach mzuri lakini tulimfunga 77-72. Tusitoke kwenye mada.

Mnazi_wa_Msimbazi: Nimefungua nikidhani ni habari ya Clatous Chama, mchezaji wetu wa Simba. Kichwa cha uzi kimenichoma moyo. Mtu unamlea, unaimba jina lake Kwa Mkapa, Julai 2024 unaamka unamuona kavaa njano na kijani ya Yanga. Mleta uzi, kwa hili nakuelewa bila hata kujua kikapu kinachezwa na watu wangapi.

Njano_Damu: Msimbazi tulia. Bernard Morrison 2020 mlimchukua kwa nani? Kesi ikafika mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo. Mlipokuwa mnamshangilia hamkujua mambo haya yana maumivu?

Mnazi_wa_Msimbazi: CAS iliamua nini? Taja hapa watu wasome. Mlishindwa!

Njano_Damu: Na 2022 akarudi kwetu Jangwani kwa miguu yake. Karudi au hakurudi?

Kardinali502: Mimi wa Yanga. Sasa uzi umenoga.

BluuMpakaMwisho: Jamani hapa tunazungumzia Kentucky. Thiero, pointi 21, Rupp

Mnazi_wa_Msimbazi: Fei Toto je? Mlisema hauzwi, analia kwenye kila redio mpaka akafika Azam. Hamjui kulea wachezaji, mnajua kuwafunga minyororo.

Njano_Damu: Tarehe 5 Novemba 2023. Tuliwafunga tano kwa moja. Jibu hilo kwanza halafu tuongee usajili.

MtuWaBeale: TANO?? Hebu elezeni hiyo vizuri, mimi nilikuwa zamu ya usiku mwezi huo.