Mjadala: Muziki wa Tanga ni mtamu zaidi kwenye santuri kuliko kwenye simu, au ni uzee tu?

Mleta mada (fundi, Ngamiani)

Waungwana, habari za majukumu. Ubishi wa barazani kwetu umekataa kwisha, nauleta hapa. Wazee wanasema asiyezisikia bendi zetu za zamani, Jamhuri Jazz au Atomic Jazz, kwenye santuri, zile sahani za muziki zinazopigwa kwa sindano, hajazisikia. Vijana wanasema hizo ni hadithi za uzee, santuri inachakacha, simu haichakachi. Mimi natengeneza redio na amplifaya, na santuri chache ninazo. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa vipimo, dijitali inashinda. Kwa nyimbo zetu hizi, wazee wako sahihi.

Nianze na vipimo. CD iliyoingia sokoni mwaka 1982 huchukua sampuli 44,100 za sauti kila sekunde. Ukichukua sampuli zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaoutaka, mtetemo huo unarudi mzima. Sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, la mzee huishia chini ya hapo. Kwa hiyo habari ya kwamba dijitali inakatakata sauti na kuacha matundu haina ukweli. Kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, CD inabeba desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Santuri, hata ikiwa mpya na nzuri, inabeba kama 60 au 70. Tena santuri ina mitego yake. Sauti hukatwa kwenye sahani kama mfereji mwembamba unaopitiwa na sindano. Besi ikikatwa kwa uzito wake wote, mfereji unayumba mpaka unaingia kwa jirani yake, hivyo wanaokata santuri huipunguza besi na kuipandisha trebo, halafu amplifaya ya santuri inageuza hesabu hiyo wakati wa kupiga. Ukichomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye sabufa bila hatua hiyo, unapata sauti nyembamba kama ya mbu. Mashine nyingi ninazoletewa kuwa ni "mbovu" hazina ugonjwa mwingine zaidi ya huo.

Sasa njooni upande wa pili. Ule wimbo wa Jamhuri ulio kwenye simu yako haukutoka kwenye CD. Mtu aliipiga santuri iliyokwisha chakaa, akairekodi kwenye kaseti. Mwingine akaitoa kwenye kaseti akaigeuza MP3 ya kiwango cha chini ili ichukue nafasi ndogo. Ikapandishwa mtandaoni, ikashushwa, ikatumwa WhatsApp, na wewe unaisikiliza kwa Bluetooth, ambayo nayo inaibana tena. Kuna wimbo mmoja niliulinganisha hapa kibandani: kwenye simu gitaa la pili halipo kabisa, na mwimbaji yuko juu kidogo kuliko sauti yake, maana kaseti ile ilikuwa inakimbia. Kwenye santuri, pamoja na mchakacho wake, gitaa lile linasikika likijibizana na la solo tangu mwanzo hadi mwisho.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo wa dansi ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma. Magitaa yanapofunguka ni upande wa nyuma. Nakala nyingi nilizotumiwa ni za upande wa kwanza tu. Kijana anausikiliza miaka yote wimbo ambao haujachanganya bado, halafu anasema wazee wanausifia bure.

Haya, uwanja ni wenu.

Mdau wa Raskazoni

Fundi, mwishoni umekata kona. Kama tatizo ni nakala mbovu, sema nakala mbovu. Usiipe santuri sifa isiyo yake.

Kuna kampuni ya Marekani, Mobile Fidelity, inauza santuri za bei kubwa kwa watu wanaojivunia masikio yao. Mashabiki walikuwa wakiamini zimetoka kwenye kanda ya studio moja kwa moja, dijitali haikuzigusa, na ndiyo maana sauti yake ina uhai. Mwaka 2022 ikabainika kwamba kwa miaka kadhaa nyingi kati ya hizo zilipitishwa kwenye dijitali kwanza, ndipo zikakatwa. Watu wakaenda mahakamani. Swali langu ni dogo: kabla ya kuambiwa, ni nani alisikia? Mwaka huohuo huko Marekani ziliuzwa santuri milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987. Wananunua jalada kubwa la kuweka ukutani na heshima ya kuwa nayo. Sauti ni kisingizio.

Mzee wa Chuda

Marahaba kwa wote ambao mngeniamkia.

Nyinyi mnapima, sisi tulicheza. Santuri ilikuwa na mwenyewe. Ukienda kwake unakaa, unapewa kahawa, huchagui wimbo. Upande ukiisha mtu anainuka kugeuza, na katika kugeuza ndipo mnabishana hilo gitaa kalipiga nani. Mjukuu wangu ana nyimbo maelfu mfukoni. Anasikiliza nusu dakika, anaruka. Anasikiliza nusu dakika, anaruka. Hapo mtasema simu yake haina kosa.

Mdau wa Raskazoni

Shikamoo mzee, naomba radhi. Ila hiyo ni tabia ya msikilizaji. Hata kwenye simu mtu anaweza kusikiliza mpaka mwisho.

Mzee wa Chuda

Anaweza. Hasikilizi.

Mtanga niliye Mombasa

Mmeng'ang'ania dansi, taarab mmeitupa. Klabu za Black Star na Lucky Star za hapohapo Tanga ndizo zilizoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab, na santuri zao zilitoka huku Mombasa kwenye kampuni ya Assanand, kwa chapa ya Mzuri. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya ikazitoa upya kwa jina la Nyota. Ninayo kwenye CD, na santuri ya zamani yenye baadhi ya nyimbo hizo ninayo pia, urithi wa mjomba. Niseme kweli: CD ni safi kuliko santuri yangu. Besi inatembea, unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Santuri ya mjomba ilipigwa kwenye harusi ngapi, kwa sindano iliyokuwa haibadilishwi! Kwa hiyo fundi, hoja yako inasimama pale tu ambapo hakuna aliyefanya kazi vizuri. Palipofanywa kazi, dijitali imeshinda hata kwenye nyimbo zetu.

Na tusisahau: nyimbo nyingi za bendi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda kubwa na hazikuwahi kuwa santuri kabisa. Hizo "sauti yake halisi" mtaitafuta kwenye santuri ipi?

Binti wa Makorora

Kaka wa Mombasa kasema. Mimi naongeza la kwetu wanawake. Bi Shakila, mwimbaji wetu wa taarab, alipofariki mwaka 2016, usiku uleule nyimbo zake zilikuwa zimejaa kwenye simu yangu, nikasikiliza mpaka alfajiri. Nani angekuja na mashine ya santuri kunipigia saa nane za usiku? Huo muziki wa mwenye santuri, wa kukaa na kusubiri, ulikuwa na baraza lake, na barazani walikaa wanaume. Bibi yangu alikuwa na santuri zake mwenyewe. Zilikuwa zinaazimwa na hazirudi. Zilizobaki ziko kwangu kabatini, zimelazwa moja juu ya nyingine, ya chini imepinda. Sina mashine ya kuzipigia. Kwangu mimi hivi sasa ni sahani tu. Kwa hiyo msinipigie hesabu za desibeli; niambieni nizifanye nini.

Mleta mada

Mdau wa Raskazoni na ndugu wa Mombasa, hapo mmenibana, na sibishi. Ninachokataa ni kauli ya "iko kwenye simu, santuri tupeni". Nyimbo za Tanga zilizopata bahati ya Nyota ni chache. Kwa zilizobaki ambazo kanda zake hazijulikani ziliko, santuri ya mtu kabatini ndiyo kanda yenyewe.

Dada wa Makorora, kwanza zisimamishe wima kama vitabu, mbali na dirisha. Joto letu hili likichanganyika na uzito wa kulaliana lazima zipinde. Usizipige kwenye zile redio kubwa za mbao: sindano zake zina uzito wa gramu tano na zaidi, wakati mkono mzuri hubonyeza gramu mbili au chini. Kila upigapo unakwangua. Kama kuna ya mizunguko 78, zile za kizazi cha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, iweke kando kabisa. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano nene ya kwake, na yenyewe ikianguka inavunjika.

Kuzihamisha ni kazi ya mara moja, ifanywe sawasawa. Zioshwe, zikaushwe. Nyingi za enzi hizo ni za mono, yaani sauti ileile kulia na kushoto, hivyo ukiunganisha kulia na kushoto mchakacho mwingi unapungua wenyewe. Zirekodiwe pande zote mbili, zihifadhiwe kwenye faili lisilobanwa, halafu ndipo utoe MP3 ya kutumiana. Mashine ninayo, sindano ni mpya.

Mdau wa Raskazoni

Na programu ya kuondoa mchakacho uiendeshe, fundi. Hatutaki kusikia vumbi.

Mleta mada

Kidogo tu. Ukizidisha inaondoka na kayamba.

Binti wa Makorora

Nitazileta mwenyewe, Jumamosi, na nitakaa hapo kibandani mpaka ziishe, sitaziacha. Faili kubwa naondoka nalo mimi kwenye flashi yangu. Hiyo ndogo wapeni wote, ila iwe na pande zote mbili na jina la bibi yangu liandikwe kuwa ndiye aliyezitunza. Na huyo aliyeazima ile ya Lucky Star miaka hiyo, kama anasoma hapa, airudishe kabla ya Jumamosi.