Kifaransa cha Lubumbashi: matamshi yananishinda, naombeni ushauri

Kijana wa Tunduma:
Wakuu, habari za mchana. Kazi imenihamishia Lubumbashi, Kongo, nasimamia mizigo. Kwa Kiswahili chao tunaelewana, shida ni ofisini, na hata sokoni wakifika kwenye bei wanahamia Kifaransa. Najifunza kwa programu ya simu. Maneno nayashika, ila nikifungua mdomo naulizwa "comment?", yaani "unasemaje?" R yao, ile u yao, na maneno ya puani vyote vinanitesa. Mlionitangulia, nianzie wapi?

Mama Lushi:
Karibu kwetu, kaka. Hiyo programu inakufundisha Kifaransa cha Paris. Huku 70 ni "septante", 90 ni "nonante", tulirithi kwa Wabelgiji. Ukisema "soixante-dix" utaeleweka, ila mwenye duka akikutajia "septante-cinq" (75) usibaki umeduwaa. 80 ndiyo ileile, "quatre-vingts". Na usikurupuke na "c'est combien?" (bei gani?). Anza na "bonjour, maman", bei nayo inalainika.

Mpemba Mkavu:
R unayo tayari, mkuu. Tamka "ghali" na "lugha" kama sisi wa pwani, siyo "gali" na "luga" zenu za bara. Gh hiyo isogeze nyuma kidogo kooni, umeipata R ya "merci".

Mama Lushi:
Huku wengi wanaitamka R kwa ncha ya ulimi kama ya Kiswahili, hakuna anayecheka. Asipoteze usingizi kwa hiyo.

Mwalimu wa Jioni:
Kweli, aanze na u. Sema "i", ulimi ubaki palepale, kisha kunja midomo kama unapiga mluzi. "Dessus" yenye u hiyo ni juu, "dessous" yenye u ya Kiswahili ni chini. Ukizichanganya ghalani, maboksi ya vioo yatalaliwa na saruji. Ila usiipachike kila mahali: ukiitia kwenye "merci beaucoup" utakuwa umemsifia mtu makalio 😂. Kwa maneno ya puani kama "bon", "vin" na "vent", ulimi usiguse popote juu. Ukijisikia n mwishoni, rudia. Herufi za mwisho nyingi hazitamkwi, kama t ya "petit", japo "avec" na "neuf" zinatamkwa mpaka mwisho. Kwa hiyo sikiliza kwanza, maandishi baadaye.

Kijana wa Tunduma:
Ahsanteni sana. Na "poisson" na "poison"?

Mwalimu wa Jioni:
S mbili inabaki s, hiyo ni samaki. S moja katikati ya irabu inakuwa z, hiyo ni sumu.

Mama Lushi:
Mgahawani agiza "poulet" (kuku) kwanza, kaka.