Wametuondolea kitufe cha vibarua, sasa gemu ya mikakati imekuwa kazi ya ukarani

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaki kuificha.

Wiki iliyopita gemu niliyoinunua kwa akiba ya miezi miwili ilishusha apdeti. Sitaji jina lake, wala studio iliyoiunda, maana nikitaja tu uzi utageuka wa kampuni na jambo lenyewe litapotea. Nilichoipendea gemu hiyo ni kitu kimoja: ngome kuu ilikuwa na kitufe cha kuzalisha vibarua bila kukoma. Unakiwasha mara moja. Chakula kikiwepo, kibarua anatoka, anakwenda kwenye msitu au mgodi uliomwelekeza, na wewe unabaki na vita yako. Sasa kitufe hicho kimeondolewa kwenye mechi zote za ligi. Maelezo yao ni mstari mmoja tu: wachezaji wa kiwango cha juu wamelalamika kwamba kinapunguza ufundi.

Ufundi gani? Kubonyeza herufi ile ile kila baada ya sekunde 25 ndiyo ufundi?

Niwaeleze kilichonikuta Jumamosi usiku. Tangu dakika ya tano nilikuwa natega mtego. Ramani ilikuwa na bonde jembamba, kilima upande mmoja na msitu upande wa pili. Nikapandisha wapiga mishale 30 kilimani, nikaficha wapanda farasi 12 nyuma ya msitu, nikatuma kibarua mmoja akajenge kambi ya uongo mbele ya bonde ili jamaa aifuate. Akaifuata. Dakika ya 14 jeshi lake lote linaingia bondeni kwa mstari mmoja, hajatanguliza hata mpelelezi. Wakati huo huo ngome ikapiga kengele kwamba haina kazi. Nikarudi nyumbani. Herufi ya ngome, herufi ya kibarua mara tano. Shamba limekauka, lime upya. La pili nalo limekauka. Vibarua wanne wamesimama kando ya mgodi uliokwisha, wapeleke mgodi mwingine. Nilitumia sekunde kama sita hivi. Niliporudi bondeni wapiga mishale wamebaki saba, na farasi wangu hawajasogea hata hatua moja, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Nikaangalia marudio ya mechi. Jamaa hakuwa na mpango wowote, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na mibofyo 190 kwa dakika, mimi 70. Basi.

Halafu niko Morogoro, pingi yangu, yaani muda wa amri kwenda kwa seva na jibu kurudi, haishuki chini ya milisekunde 200. Kila amri ninayotoa, matokeo yake nayaona baada ya moja ya tano ya sekunde. Mwenye uamuzi mzuri anaweza kuvumilia ucheleweshaji huo, maana uamuzi wa kupeleka farasi nyuma ya msitu ni ule ule ufike sasa au baadaye kidogo. Lakini maikro, yaani kumwongoza askari mmoja mmoja kwa vidole, haivumilii. Kumrudisha nyuma askari mmoja anayekufa kwa pingi ya 200 ni kumzika. Kwa hiyo kila mnapoongeza uzito wa vidole mnampa ushindi mtu anayeishi karibu na seva, halafu mnauita ufundi.

Najua jibu linalokuja, nimeshalisoma mara elfu: "Nenda kacheze gemu za zamu," zile ambazo kila mmoja anasubiri mwenzake acheze. Hapana. Napenda muda unaokimbia. Napenda kuamua huku sijui adui yuko wapi na siwezi kusubiri. Bao letu lina kete 64, na mafundi wake wanacheza haraka mpaka mtazamaji anapotea, lakini sijawahi kusikia mtu ameshindwa bao kwa sababu vidole vyake vilichelewa kusambaza kete. Ameshindwa kwa sababu hakuona. Presha ninayoitaka ni hiyo ya kuona.

Na msiniambie eti nataka gemu ijicheze. Kanuni yangu ni nyepesi: kama jibu sahihi ni lile lile kila mara, kompyuta ilifanye. Je, shamba lililokauka lilimwe upya? Ndiyo, karibu siku zote. Je, kibarua aliyemaliza kujenga kambi ya mbao akate mbao? Ndiyo. Lakini niwe na vibarua wangapi, niache lini kuwazalisha ili pesa iende kwa jeshi, nihamishe wangapi kutoka dhahabu kwenda chakula, hayo ni maamuzi, na hayo niachieni mimi.

Kinachoniuma ni kwamba hoja hii ya "ufundi unakufa" imeshapigwa na imeshashindwa, tena na tena. Chukua gemu za mikakati za zamani: Dune II ya mwaka 1992 ilikulazimisha kumwamuru askari mmoja mmoja. Warcraft ya 1994 ikaruhusu wanne kwa pamoja, StarCraft ya 1998 ikaruhusu 12. Kuna mtu humu anataka turudi kwa mmoja? Age of Empires II ilipotoka 1999 kila shamba ulilipanda upya kwa mkono wako. Mwaka mmoja baadaye The Conquerors ikaleta foleni ya mashamba kwenye kinu, na toleo la 2019 likaleta kupanda upya kwa otomatiki kabisa. Gemu ilikufa? Inachezwa mpaka leo, mashindano yake yanajaa watu. StarCraft II ilipotangazwa kwamba utachagua majengo mengi kwa pamoja na vibarua watakwenda kuchimba wenyewe, kelele zilipigwa kweli kweli kwamba ni mwisho wa dunia. Ikatoka 2010, na mafundi bado wakawa mafundi na wabovu tukabaki wabovu.

Sasa hili la AlphaStar ndilo nataka mlijibu bila kukwepa. Januari 2019 DeepMind, maabara ya akili bandia ya Google, walionyesha programu yao hiyo ikicheza StarCraft II. Iliwapiga TLO na MaNa, wachezaji wa kulipwa wote wawili, 5–0 kila mmoja. Wastani wa mibofyo yake kwa dakika ulikuwa chini kuliko wao. Lakini tazameni mechi za MaNa: wale Stalker, askari wake wenye uwezo wa kuruka ghafla, wanaruka kurudi nyuma mmoja mmoja, kila mmoja pale pale anapokaribia kufa, pande kadhaa za uwanja kwa wakati mmoja. Watu wakalalamika, na walikuwa na haki, kwamba huo si mkakati, hiyo ni mikono ambayo binadamu hana. Toleo lililofuata likabanwa mibofyo zaidi. Yaani mashine ikishinda kwa vidole tunasema imeonea. Mtu akinishinda mimi kwa vidole mnasema nikajifunze kucheza. Kwa nini?

Na dawa ipo siku nyingi, ndiyo maana siwezi kutulia. Total Annihilation, 1997, ilikuwezesha kupanga amri kwa foleni, na kila askari ulimwekea msimamo wake: asimame alipo, asogee kidogo, au azurure akimwinda adui. Kohan ya 2001 hukumiliki askari mmoja mmoja kabisa, ulimiliki kampani yenye nahodha wake, na ikirudi karibu na mji wako inajazwa upya yenyewe. Vita ilikuwa kuchagua kampani gani iende wapi na lini irudi. Rise of Nations ya 2003, kibarua akikaa bila kazi anajitafutia. Supreme Commander ya 2007 unasogeza kamera mbali mpaka unaona ramani nzima, kiwanda unakiambia rudia orodha hii, ndege za kubeba askari unazichorea njia mara moja na zinabeba kila atakayefika kituoni. Mipango hiyo ilikuwa mezani zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita! Leo studio inakuja kuniuzia gemu inayonikalisha nikibonyeza herufi ya kibarua kama karani wa mihuri, halafu ikiweka kitufe kimoja cha kunisaidia, inakiondoa kwa sababu watu wachache wenye vidole vyepesi wamekasirika.

Mkono wangu wa kulia unauma tangu mwaka jana. Kazini nashinda nachapa, nikirudi nyumbani nina saa moja, saa moja na nusu ya kucheza. Kuna kaka yangu mkubwa alikatika vidole viwili kiwandani, na ndiye aliyenifundisha gemu hizi tukiwa wadogo. Kitufe kile kilikuwa kimemrudisha kwenye kompyuta. Alicheza na mimi wiki tatu mfululizo, na akili yake ya kusoma ramani hakuna humu ndani wa kumfikia. Tangu apdeti ameingia mara moja, amepoteza, akazima. Hajalalamika, na hilo ndilo limenifanya niandike.

Nimeshawaandikia studio na nimeomba kitu kidogo: warudishe kitufe, na kama maproo hawakitaki, wawe na ligi yao isiyo nacho. Hawajajibu.

Sisi tunahamia Zero-K. Ni gemu ya mikakati ya bure, na askari wake wa masafa marefu wanajua wenyewe kukaa umbali salama bila kuvutwa mkono kila sekunde. Ijumaa saa tatu usiku nitafungua chumba cha wanne. Kaka yangu yupo, mimi nipo, zimebaki nafasi mbili. Anayetaka aandike hapa chini na aniambie pingi yake ikoje.