Soketi ya kebo kwenye gitaa la besi inalegea: nikaze tu au nifungue?

KambaNne
Wakuu, naomba msaada. Besi ni ya kamba 4, inatumia betri ya volti 9, na soketi ya kebo iko kwenye bamba la chuma pamoja na vinobu. Nati ya nje imelegea, soketi inazunguka na pini ya kebo. Nikikaza kwa vidole inashika kidogo halafu inaachia. Tangu juzi kebo ikiguswa sauti inakatika, na mara nyingine spika inavuma kwa nguvu. Kebo ni nzima, nimeijaribu kwenye gitaa lingine. Nikaze kwa koleo au lazima nifungue?

Fundi_Nyaya
Fungua, mkuu. Ukizungusha nati kwa nje bila kushika soketi kwa ndani, soketi nzima inaifuata, na nyaya zilizolehemewa nyuma yake zinajisokota mpaka zinakatika. Kwa dalili ulizotaja, huenda mmoja umeshaanza kuachia. Mvumo wa nguvu ni alama kwamba waya wa ethi (waya wa ardhi) unaachia. Waya wa sauti ukikatika peke yake, mara nyingi besi inanyamaza tu.

Chomoa kebo, toa skrubu za bamba, liinue taratibu na ulilaze juu ya kitambaa. Piga picha ya nyaya kabla hujagusa chochote. Kisha angalia washa, yaani vile vipete vya chuma vinavyokaa na nati. Ndani, kati ya soketi na bamba, panatakiwa washa ya meno. Nje, chini ya nati, washa bapa. Ile ya meno ndiyo inayouma chuma na kuzuia soketi isizunguke. Ikikosekana, au meno yakiwa yamelala, utakaza kila wiki.

Soketi za kampuni ya Switchcraft na nyingine za vipimo vya Marekani zina nati ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 inacheza kidogo lakini inafanya kazi ukiwa mwangalifu. Soketi za milimita zina nati tofauti, kwa hiyo pima kwanza. Koleo liache, linakula kona za nati. Shika soketi kwa ndani, kaza nati mpaka igome, ongeza kama robo mzunguko, basi.

Kabla ya kurudisha bamba, chomeka pini utazame. Ulimi wa soketi, kile kipande cha chuma kinachogusa ncha ya pini, unasukumwa nje pini inapoingia. Ulimi huo ukigusa ukuta wa shimo uliopakwa rangi ya kuzuia mvumo au kubandikwa karatasi ya shaba, sauti inazimika kabisa, na mtu anadhani ameharibu waya. Geuza soketi mpaka ulimi uwe na nafasi.

Betri9V
Naongezea upande wa betri, maana hapo wengi wanakosea. Besi hiyo ina soketi ya stereo, yenye miguu mitatu: wa ncha ya pini ni sauti, wa shina ni ethi, wa pete ni waya mweusi (hasi) wa betri. Pini ya kawaida ya mono ikiingia inaunganisha pete na shina, saketi ya kukuza sauti ndani ya besi inawaka. Ndiyo maana kebo ikiachwa imechomekwa usiku kucha betri inaisha. Ukilazimika kubadilisha soketi, usinunue ya mono: utaunga hasi ya betri kwenye ethi moja kwa moja na saketi haitazimika tena. Kwa Switchcraft, soketi namba 11 ni mono, 12B ni stereo.

KambaNne
Asanteni sana. Nimefungua: washa ya meno haipo kabisa, na waya wa ethi umebaki nyuzi mbili tu. Nilehemu upya vipi? Na nitie gundi kwenye nati?

Fundi_Nyaya
Toa betri kwanza. Kata sehemu iliyochoka, menya milimita 4, sokota nyuzi na uzipake risasi ya kulehemia. Safisha mguu wa soketi, pitisha waya kwenye tundu lake na uukunje ushike wenyewe. Kifaa cha kulehemia cha wati 30 hadi 40 kinatosha. Pasha mguu na waya kwa pamoja sekunde 2 au 3, risasi iyeyuke juu yao, isiyeyukie kwenye kifaa. Usitikise mpaka igande. Tumia risasi yenye ulimbo ndani. Ile dawa ya asidi ya mafundi bomba inakula shaba. Waya ukiwa mfupi, unga mwingine. Waya uliovutwa utakatika tena.

Gundi usitie, ikipenya ndani inafunika ulimi. Washa mpya inatosha.

Betri9V
Na pini ikicheza hata nati ikiwa imekaza, ulimi umechoka. Unaweza kuukunja kidogo kuelekea ndani kwa koleo jembamba, ila ukilegea tena nunua soketi nyingine. Unapopiga, pitisha kebo nyuma ya mkanda karibu na kitufe chake, ili mtu akiikanyaga mvuto uishie kwenye mkanda, usifike kwenye soketi.